Nani Atamsemea Mtoto wa Delta?

Katika kikao cha kamati ya miradi cha robo mwaka iliyopita, mzee mmoja wa usharika alishika karatasi ya bajeti, akaweka kidole kwenye mstari wa mshahara wa mtumishi wetu wa utetezi wa watoto wilayani Kibiti, akauliza: "Ndugu zangu, mshahara huu kwa mwaka ungetununulia mabati mangapi?" Wajumbe walicheka, lakini swali lilikuwa la kweli na tangu siku hiyo hatujaacha kulijadili ofisini. Mabati yanaonekana. Wafadhili wakitutembelea tunawapeleka wakayaone na kupiga picha. Mtumishi wa utetezi akiulizwa amefanya nini mwaka mzima, anatoa daftari na mihtasari ya vikao.

Fedha za washirika wetu kwa nafasi hiyo zinakoma tarehe 31 Desemba mwaka huu. Baada ya hapo sharika zitaamua ama kuichangia ama kuifunga. Kwa hiyo tumeona vema katika toleo hili tueleze kazi hiyo ni ipi, inafanywaje, ni nani anaifaa, na kijana wa usharika anayetaka kuifanya asome nini.

KAZI YENYEWE

Kuna kumhudumia mtoto na kuna kumtetea. Anayemhudumia anampikia uji, anamfundisha kuhesabu, anampeleka zahanati. Anayemtetea anakwenda mahali ambapo watu wazima wanagawana fedha na kutunga taratibu, kisha anauliza mtoto mdogo amewekewa nini humo. Asasi nyingi huiita kazi hii ushawishi na utetezi, nyingine huiita uchechemuzi. Jina lolote litumike, kazi ni ileile: kukusanya taarifa sahihi juu ya hali ya watoto, kuzipeleka kwa mwenye mamlaka ya kuamua, na kufuatilia mpaka jibu litoke.

Wengi wetu tukisikia utetezi tunafikiri mahakama. Ni kweli upo utetezi wa namna hiyo, na Tanzania ina mfano mkubwa. Mwaka 2016 mwanasheria Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15. Alishinda, Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema tena kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Lakini mashauri ya namna hiyo ni machache. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye ofisi ya mtendaji wa kata, chini ya mwembe kwenye mkutano wa kijiji, na kwenye korido ya halmashauri unakomsubiri mtu wa mipango amalize kikao kingine.

Kanuni za kusimamia zipo. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inaitaka kila halmashauri ilinde na kukuza ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, ambayo inamtazama mtoto tangu mimba hadi miaka minane kwa pande zote: afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama. Mambo mazuri yameandikwa. Tatizo ni kwamba waraka uliozinduliwa Dodoma hauna miguu ya kushuka mpaka Salale, Maparoni au Msala wenyewe.

RUFIJI ILIVYOFUNDISHA WENGINE

Anayedhani kwamba daftari haliokoi mtoto tunamwomba asome habari za wilaya yetu hiihii. Mwaka 1996/97 Wizara ya Afya, kwa msaada wa kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada (IDRC), ilianza mradi uliojulikana kwa kifupi chake cha TEHIP katika wilaya mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha Kibiti. Swali la mradi lilikuwa rahisi: je, wilaya ikijua kwa hakika watu wake wanakufa kwa nini, na ikapanga fedha zake kwa kufuata hilo, kutatokea nini?

Ili kujua, wahesabuji walipita kaya kwa kaya. Kuanzia mwishoni mwa 1998 waliandikisha kila mtu katika vijiji 31 vya Rufiji, wakarudi kila baada ya miezi minne kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na alikuwa akiugua nini. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa hukohuko, wanaojua kwamba nyumba fulani wakati wa mpunga haina mtu.

Takwimu zilipochorwa katika picha ambazo hata asiye mtaalamu angeweza kuzisoma, mambo ya aibu yalionekana. Kwa Morogoro iligundulika kwamba malaria ilikuwa ikichukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, wakati katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Hakuna aliyekuwa amekusudia ubaya. Bajeti ilikuwa ikinakiliwa kutoka ya mwaka uliotangulia, na mwaka uliotangulia nao hivyohivyo.

Wilaya zikaanza kupanga upya. Zilikuwa zikitumia dola 8 hivi kwa mkazi kwa mwaka. Mradi ulikuwa tayari kuongeza hadi dola 2, lakini zilizoweza kutumika vizuri zilikuwa senti 80 tu. Fedha zilielekezwa kwenye vyandarua, kwenye kuwafundisha waganga namna ya kumchunguza mtoto mgonjwa mwili mzima badala ya kukimbilia ugonjwa mmoja, na kwenye usimamizi wa zahanati. Kati ya 1999 na 2000 vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja katika eneo lililohesabiwa Rufiji vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 140 hadi 120, na kwa kipindi cha miaka mitano hivi upungufu ulizidi asilimia 40. Wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani ya mafanikio itokane na mradi na ipi itokane na mabadiliko mengine ya nchi. Hatutaingia katika ubishi huo. Kwetu inatosha kwamba daftari lilibadili bajeti, na bajeti ikafika zahanati.

Haki inatudai tueleze na upande wa pili. Kuanzia 2011 Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliendesha mradi wa Connect katika wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga. Vijana waliochaguliwa na vijiji vyao walisomeshwa miezi tisa, wakarudi wakiwa wawezeshaji wa afya ya jamii, WAJA kwa kifupi, na walilipwa. Wengi wetu tuliwaona wakipita na mikoba yao na tuliwapenda. Hata hivyo utafiti ulipomalizika haukuonyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka zaidi katika vijiji vyenye WAJA kuliko visivyokuwa nao. Tunaona ni vizuri wafadhili wetu walijue hilo, maana ripoti za mashirika huwa na tabia ya kueleza mafanikio tu. Sisi tunavyoelewa, mhudumu anayepita nyumbani kwa mtoto, hata awe hodari kiasi gani, hana namna ya kubadili kiasi cha dawa kilichopangwa makao makuu ya wilaya. Kila mmoja ana mahali pake, na mtetezi anahitajika pale mhudumu asipofika.

DELTA HAIKUWAMO

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuweke mtumishi Kibiti. Vile vijiji 31 vilivyohesabiwa vilikuwa katika kata za Bungu, Kibiti, Mchukwi, Ikwiriri, Mgomba na Umwe, yaani bara, kando ya barabara kuu au karibu nayo. Visiwa vya delta havikuwamo. Mtafiti yeyote angefanya hivyo, kwa sababu kumfikia mtu wa delta ni kufika kwanza Nyamisati, kungoja maji yajae, kupanda mtumbwi au boti, na kumkuta ameshahamia dungu lake shambani. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa delta hakuwa katika picha zile zilizobadili bajeti.

Mikoko yake imehesabiwa. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mingine katika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu. Mtumishi wetu alipofika kwa mara ya kwanza katika kitongoji kimoja cha huko na daftari lake, alimkuta bibi mmoja akianika uduvi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kuandika?"

"Nimekuja kuandika wajukuu, bibi."

"Haya, waandike. Wenzio waliandika mikoko."

Alichoandika siku zile ndicho kinachotupa sababu ya makala haya. Katika kitongoji hicho watoto wote waliofikia umri wa darasa la awali wanaishi ng'ambo moja ya mkono wa mto, na shule iko ng'ambo nyingine. Wakubwa kidogo huvushwa na ndugu zao maji yakiwa mazuri. Wa miaka mitano hawavushwi, na mama zao wana akili timamu kuwakatalia. Kwenye rejista ya shule watoto hawa hawaonekani kama watoro, kwa kuwa hawajawahi kuandikishwa. Kwa hiyo ukisoma taarifa ya kata, mahudhurio ni mazuri.

Aprili 2024 mto ulipofurika, na Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kilipopita, tuliona gharama ya kutohesabiwa. Misaada iligawiwa kwa orodha. Kijiji kilichokuwa na orodha ya kaya zenye watoto wachanga kiliweza kusema kinahitaji nini, na kisichokuwa nayo kilipewa cha wote kwa makadirio. Sisi wenyewe, tukiwa na magodoro na unga mkononi, tulikuwa tunauliza watu "mna watoto wangapi wadogo?" wakati maji yako magotini.

NI WAKATI GANI MTETEZI ANAFAA

Kamati za sharika zinapenda kutuuliza kwa nini mtumishi huyu anashinda vikaoni. Jibu liko kwenye kalenda ya Serikali. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ili jambo liwemo katika fedha za mwaka huo, lazima liwe limesemwa mapema sana: vijiji huibua vipaumbele vyao katika miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia, Kamati ya Maendeleo ya Kata huvipanga, na Baraza la Madiwani hupitisha makisio mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Bunge la bajeti la Aprili hadi Juni. Ukifika halmashauri mwezi Mei na ombi la darasa, utapokelewa vizuri, utapewa kiti, na utaambiwa mwakani.

Sasa angalieni delta. Miezi ya kuibua vipaumbele ndiyo miezi ya kuandaa na kupanda mpunga. Akina mama, ambao ndio wanaojua mtoto gani havuki mto, wamehamia madungu. Mkutano wa kijiji unaitishwa, akidi haitimii au inatimia kwa wanaume waliobaki, na kipaumbele kinachoandikwa ni gati au ofisi ya kijiji. Mtumishi wetu alichofanya ni kuwafuata akina mama mashambani kabla ya mkutano, kuandika wanachosema, na kumwomba mwenyekiti aitishe mkutano Ijumaa baada ya swala, siku ambayo watu hurudi kijijini. Ni jambo dogo kabisa, lakini halikuwa jukumu la mtu yeyote mpaka tulipomwajiri yeye.

Kitongoji kile kiliingizwa katika mpango wa kata kama mahali pa kujengwa shule shikizi, yaani darasa la watoto wadogo linaloegemea shule mama. Utaratibu huo si mgeni: katika fedha za kukabiliana na UVIKO-19 za mwaka 2021/22 nchi nzima ilitengewa madarasa 3,000 ya shule shikizi. Kuingia katika mpango wa kata bado si kupata fedha. Diwani amelibeba jambo hilo na tunamshukuru, ila diwani ana vijiji vingine pia.

KIJANA ASOME NINI

Tumepokea barua kutoka kwa vijana wa sharika wakiuliza kuhusu ajira katika eneo hili, na wazazi wawili watatu wamekuja ofisini wakidhani ni kazi ya kuendesha gari la shirika. Tuseme wazi.

Ziko njia kadhaa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1973, inatoa mafunzo ya ustawi wa jamii tangu ngazi za chini hadi shahada. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha, inafundisha maafisa maendeleo ya jamii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu ya awali, na walimu wa ngazi ya juu zaidi huweza kuendelea katika taasisi ya elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Anayesoma sheria, uchumi au takwimu naye ana nafasi. Kwa kweli asasi nyingi zina upungufu mkubwa wa watu wanaoweza kusoma kitabu cha bajeti ya halmashauri kuliko wanaoweza kuendesha semina. Waajiri ni halmashauri zenyewe, mashirika ya dini, na asasi za kitaifa kama C-Sema, inayoendesha simu ya msaada kwa mtoto kwa namba 116, HakiElimu iliyoanzishwa mwaka 2001, na mtandao wa TECDEN unaounganisha asasi za malezi na makuzi ya awali.

Cheti peke yake hakitoshi. Tunatafuta mtu anayeweza kukaa kimya kwenye mkutano saa tatu na kukumbuka nani alisema nini, anayeandika taarifa fupi isiyotia chumvi, na asiyemkemea mtendaji mbele ya watu wake. Mwenendo wake kwa watoto lazima uthibitishwe na wanaomfahamu, kwa maandishi. Hapa tunaomba radhi kwa wazee wetu, lakini nafasi hii haiwezi kutolewa kwa sababu mwombaji ni mtoto wa mzee wa kanisa.

Wala si lazima awe Mlutheri. Watu wa delta kwa sehemu kubwa ni Waislamu, na mtoto wa huko mara nyingi huanza kusoma chuoni kwa maalimu kabla hajaona darasa la Serikali. Pwani yetu ina mfano mzuri: miaka ya 1980 huko Mombasa Bi Swafiya Said alianza kuwafundisha wanawake wa mitaani wasio na elimu kubwa kuwa walimu wa watoto wadogo ndani ya madrasa, kwa msaada wa Aga Khan. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza elimu ya awali katika elimu ya msingi ya lazima. Imamu anayeruhusu ukumbi wa madrasa utumike asubuhi kwa watoto wa miaka mitano anaweza kutufikisha mbali kuliko semina nne. Mtumishi wetu hulijua hilo, ndiyo maana akifika kijijini hupitia kwake kwanza.

UGUMU WA AJIRA HII

Tusiwadanganye vijana. Mikataba mingi ni ya miaka miwili au mitatu, kulingana na mradi. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, watu wengi waliokuwa katika miradi ya afya na watoto nchini walijikuta bila kazi kwa muda mfupi sana. Na eneo letu lina historia yake: mwaka 2016 na 2017, viongozi wa vijiji na askari walipouawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, tulisimamisha safari zetu, na ilichukua muda mrefu kabla ya mtu kukubali kulala kijijini kwa ajili ya mkutano. Kila mtumishi anapoondoka, anaondoka na kujuana kwake na watu, na anayefuata huanza kwa kujitambulisha upya.

Kwa wafadhili tuna ombi moja la kiutendaji. Mtakapotupangia fedha, mshahara wa mtetezi uwekwe kwa miaka isiyopungua mitatu, hata kama itabidi vifaa vipunguzwe. Bajeti ya halmashauri huzunguka mara moja kwa mwaka. Mtu wa mwaka mmoja huona mzunguko mmoja tu, na huo wa kwanza huwa ni wa kujifunza milango.

Kwa kamati za sharika, ratiba ni hii. Mkataba unaisha Desemba 31. Baraza la Madiwani litakaa juu ya makisio wiki chache baadaye, na kitongoji chetu kimo katika orodha ya kata. Maamuzi ya sharika kuhusu kuchangia nafasi hiyo yafike ofisi ya Dayosisi kabla ya mwisho wa Novemba, pamoja na majina ya vijana mnaowapendekeza kusomeshwa. Mzee aliyeuliza juu ya mabati tumemwalika aende Nyamisati na mtumishi wetu safari ijayo. Amekubali, ila ameuliza kama boti ina maboya.